Maswali ya Wasomaji: Mzazi Mahututi Ng'ambo, Mtoto Yuko Dodoma

Mwezi huu barua nyingi kutoka Kanda ya Kati zimegusa jambo moja: baba au mama amelazwa hoi nje ya nchi, na mtoto aliyeko huku anataka kumfuata leo hii. Karibu kila aliyeandika ameanza na bei ya tiketi. Tunaomba radhi kuwarudisha nyuma, kwa sababu tiketi ndiyo inayolipiwa mwisho. Cha kwanza ni barua ya hospitali.

Baba yangu anaishi Ujerumani kwa kaka yangu. Juma lililopita alipata kiharusi, yuko ICU, haongei. Pasipoti ninayo, ina miaka mitatu, lakini sijawahi kuomba viza ya Ulaya. Wakala mmoja ananiambia nilipie tiketi kwanza ndipo ubalozi uamini kwamba ni dharura. Nianzie wapi?
*Msomaji, Kizota, Dodoma*

Pole sana kwa kuuguliwa na mzee. Tiketi usiilipe. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, na buking yenye tarehe za kwenda na kurudi inaonyesha hilo. Ukilipa kisha ukanyimwa viza, tiketi ya bei nafuu kwa kawaida hairudishwi hela, na wakala hatakuwa na cha kukusaidia.

Leo usiku mpigie kaka yako. Kesho asubuhi aende wodini, au kwenye kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali, aombe barua ya daktari. Wewe ukipiga simu kutoka Dodoma hawatakwambia kitu, kwa sababu daktari wa kule amefungwa na siri ya mgonjwa. Ndugu aliyejiandikisha kuwa wa karibu ndiye anayepewa.

Barua hiyo iwe na nembo ya hospitali na tarehe ya siku hizi. Iandikwe jina la mzee kama lilivyo kwenye pasipoti yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Itaje ugonjwa, siku aliyolazwa na hali yake sasa. Halafu yaje mambo mawili ambayo watu wengi huyasahau: jina lako kamili na namba ya pasipoti yako, pamoja na sentensi ya daktari kwamba kuwapo kwako kunahitajika na kwamba kuchelewa kuna madhara. Chini pawe na jina la daktari, saini, muhuri, simu na barua pepe ya hospitali yenyewe. Ofisa wa viza hana cha kufanya na maneno "anaumwa sana". Lakini "amelazwa ICU tangu tarehe fulani, hali yake inaweza kubadilika wakati wowote" ni sababu anayoweza kuiandika kwenye faili lako.

Ukiipata, hata kama ni skani tu, mwandikie ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam barua pepe kuomba miadi ya dharura. Usikae kusubiri nafasi kwenye kalenda ya kawaida. Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009 zinasema kwamba palipo na dharura yenye sababu, ubalozi unaweza kumpokea mwombaji bila miadi, ama umpe miadi mara moja. Kwenye kichwa cha barua pepe weka dharura ya kiafya, jina lako na namba ya pasipoti. Ndani andika mistari isiyozidi kumi. Ambatisha barua ya hospitali, ukurasa wa picha wa pasipoti yako, cheti chako cha kuzaliwa na nakala ya kibali cha ukaazi cha kaka. Ukituma kila kiambatisho kwa barua pepe yake, faili litatawanyika na hakuna atakayelikusanya.

Wakati unasubiri jibu, kagua pasipoti. Lazima iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Nunua bima ya safari inayofika euro 30,000, inayogharimia matibabu ya dharura na kusafirisha mgonjwa au maiti, na inayotumika nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza hiyo moja. Zipo bima zinazouzwa mjini zinazofika nusu ya kiasi hicho, na hizo hukataliwa palepale dirishani. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Lazima uende Dar mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole, na zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59.

Kaka yako naye ana kazi kule. Aende idara ya wageni ya mji wake kuomba hati ya udhamini, ile inayoitwa Verpflichtungserklärung. Ada yake ni euro 29. Kwa hati hiyo anabeba kisheria gharama zako zote, na huzima maswali mengi kuhusu akaunti yako. Akiambiwa miadi ni baada ya wiki tatu, naye aonyeshe barua ya hospitali.

Muda wa kawaida wa uamuzi ni siku 15, na unaweza kufika 45 wakitaka uchunguzi zaidi. Maombi ya dharura yaliyokamilika hujibiwa mapema kuliko hapo. Yanayokwama mara nyingi yamekosa karatasi moja, na karatasi hiyo mara nyingi ni ya mwajiri au ya uhusiano wako na mgonjwa.

Na ukifika, mzee akawa bado mahututi na viza inakaribia kwisha, usikae kimya. Sababu za kibinadamu, kama ndugu wa karibu kuugua ghafla, zinaruhusu viza kuongezwa pasipo ada. Maombi hupelekwa idara ya wageni kabla ya siku ya mwisho. Ukichelewa hata siku moja unahesabika umevunja sheria, na viza yako ijayo ndiyo itakayoumia.

Mama alipewa rufaa kwenda India kwa upasuaji wa moyo, dada yangu akamsindikiza. Baada ya upasuaji figo zimesumbua na dada amechoka. Nataka kwenda kumpokea. Nimesikia wasindikizaji ni wawili tu. Pia sina kadi ya homa ya manjano.
*Msomaji, Kondoa*

Pole, na pole kwa dada yako pia, maana kuuguza peke yako ugenini ni kazi nzito. Ulichosikia ni kweli: kila mwenye viza ya matibabu ya kielektroniki anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Kama mama alikwenda na dada peke yake, nafasi yako ipo.

Muulize dada kwanza: viza ya mama ilikuwa ya kielektroniki, au ile ya kubandikwa kwenye pasipoti? Kama ni ya kielektroniki, unaomba kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in, na aina ya viza kwenye fomu ni e-Medical Attendant. Fomu itakuuliza namba ya viza ya mama, namba ya pasipoti yake na tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo dada akupigie picha karatasi hizo kabla hujakaa kwenye kompyuta. Kama ni ya kubandikwa, viza yako inapitia Ubalozi wa India Dar es Salaam, na hapo barua ya hospitali ya kule iambatane na ile ya rufaa ya huku.

Ya mtandaoni omba angalau siku 4 kabla ya kufika. Picha yako iwe ya mraba, nyuma peupe. Ukurasa wa pasipoti uwe faili la PDF lisilozidi kilobaiti 300, na hapo ndipo wengi hukwama: wanapiga picha kwa simu, faili linakuwa zito, mfumo unagoma, wanadhani wamekataliwa. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6. Ukipata majibu hakikisha yanasema "Granted", chapisha nakala mbili, moja mkobani na nyingine kwenye begi. Viza hii ni ya siku 60 tangu uingie mara ya kwanza, na unaruhusiwa kuingia mara tatu. Jihadhari na tovuti zinazofanana na ya serikali zenye anwani za kibiashara. Wanachukua ada juu ya ada, na baadhi yao hawapeleki maombi popote.

Sasa homa ya manjano. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, wala hakuna njia ya mkato. Kadi za kuuzwa mtaani zinaweza kukufikisha India na kukuacha karantini hadi siku 6, huku mama yuko ng'ambo ya mji. India inawabana wanaotoka au wanaopitia nchi zilizo kwenye orodha yake ya homa ya manjano, na Kenya na Ethiopia zimo. Kwa hiyo ukibadilishia ndege Nairobi au Addis Ababa, jambo hili linakuhusu moja kwa moja. Ushauri wetu: chanja leo kwenye kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, kisha tafuta ndege ya moja kwa moja ya Dar es Salaam hadi Mumbai kuliko kupitia miji hiyo miwili. Chanjo hiyo haina kurudia. Tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha.

Kuna fomu ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, imeanza tarehe 1 Oktoba 2025, na ni bure. Ukifika, mwenye hoteli au nyumba ya kupanga anatakiwa akuandikishe kwenye Fomu C ndani ya saa 24. Mkumbushe, na uombe nakala.

Ni mtumishi wa umma, ofisi zetu ziko Mtumba. Baba yuko ICU nje ya nchi. Sheria inanipa siku ngapi za kumuuguza?
*Mtumishi, Dodoma*

Kwa kuugua kwa mzazi, siku zile 4 za ruhusa yenye malipo hazikuhusu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinazitoa kwa mtoto kuugua au kufariki, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Sisi tunaona hili ni pengo kubwa, lakini ndivyo kilivyoandikwa.

Njia yako ni likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28, uiombe kwa dharura. Zikiwa zimeisha, omba ruhusa bila malipo. Andika barua kupitia mkuu wako wa kazi, ambatisha ya hospitali, taja nchi unayokwenda na nani utamkabidhi ofisi. Usiondoke kwa ruhusa ya mdomo, hata kama bosi ni mtu mwema kiasi gani: utoro wa zaidi ya siku 5 ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi.

Omba pia barua ya pili, ya kupeleka ubalozini. Hiyo itaje cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, siku za likizo zilizokubaliwa na tarehe ya kurudi kazini. Ubalozi huiangalia kuliko karatasi nyingine zako zote, kwa sababu ndiyo inayosema una kitu cha kurudia Dodoma.

Mama amelazwa Nairobi, nipo Manyoni, sina pasipoti. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina lake la Kigogo, yeye kitambulisho chake kina jina la ubatizo. Cheti chake cha kuzaliwa hakipo kabisa.
*Msomaji, Manyoni, Singida*

Kwa Nairobi huhitaji kusubiri pasipoti. Omba hati ya dharura ya safari ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kenya na majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaipokea. Nenda na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha na barua ya hospitali. Kisha ni barabara ya Singida, Babati, Arusha, Namanga.

Jina la mama lisikutishe, wengi wa kizazi chake wako hivyo. Kinachohitajika ni kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina haihusiki, kwa kuwa hakuna anayebadili jina. Mama hawezi kuapa akiwa kitandani Nairobi, kwa hiyo mtafute mjomba au mama mkubwa anayemfahamu mama tangu utoto, aape mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Kiapo kitaje majina yote mawili herufi kwa herufi, kijiji alikozaliwa, na kwamba wewe ni mwanawe. Cheti cha kuzaliwa cha mzazi nacho Uhamiaji hukubali kiapo mahali pake. Usianze sasa kumwandikisha mama kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa usajili uliochelewa. Hilo lina mlolongo wake, na huna muda huo.

Mama akipata nafuu, omba pasipoti ya kielektroniki uwe nayo. Ada ni Sh150,000: elfu 20 za fomu unayojaza mtandaoni na elfu 130 za kitabu, ambacho hudumu miaka 10. Zote hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayetaka chochote mkononi ili "kuharakisha" anakula hela ya matibabu ya mama.

Ukoo umechanga milioni 7 nikamwone baba Uingereza. Hela iko kwa mweka hazina wa grupu la WhatsApp. Niihamishie akaunti yangu kabla ya kuomba viza?
*Msomaji, Mpwapwa*

Hapana. Akaunti iliyokuwa na laki mbili mwezi mzima, ikapata milioni 7 siku tatu kabla ya maombi, ndiyo inayonyimisha watu viza. Ofisa anauliza hela imetoka wapi na kama ni yako kweli.

Iacheni ilipo. Mweka hazina aandike barua ya udhamini: yeye ni nani kwako, fedha ni za nini, zimekusanywa lini. Aambatishe taarifa ya benki yake ya miezi sita na orodha ya waliochanga na kiasi cha kila mmoja. Kama sehemu ilipita kwenye simu, chukua taarifa ya miamala yenye muhuri kwenye duka la kampuni ya simu, maana picha za skrini hazina uzito. Wewe peleka taarifa ya akaunti yako kama ilivyo, ndogo na ya kweli, pamoja na ushahidi wa kazi, shamba au biashara. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe, na mtafsiri aandike jina lake, tarehe, saini, mawasiliano na kauli kwamba tafsiri ni sahihi. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatoa huduma hiyo.

Uamuzi wa kawaida wa viza ya matembezi ya Uingereza huchukua wiki 3. Huduma ya haraka, inapokuwapo, inalenga siku 5 za kazi kwa pauni 500 za ziada. Kwa mgonjwa wa ICU tungesema ukoo uilipie, baada ya kuhakikisha faili limekamilika. Haraka haiponyi faili bovu, na viza ya matembezi ikikataliwa huna rufaa, unaomba upya na kulipa upya.

Baba alipata kiharusi akiwa Uingereza. Anaulizia ugali wa uwele na mlenda. Nimbebee unga, mlenda mkavu na samli?
*Msomaji, Bahi*

Samli iache, pamoja na nyama kavu na maziwa ya namna yoyote. Haviruhusiwi kuingizwa kule, vitachukuliwa uwanjani. Lakini jambo kubwa zaidi ni koo lake. Kiharusi mara nyingi huharibu umezaji, na chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia inayoweza kumuua. Asionjeshwe hata kijiko kabla wahudumu hawajampima umezaji na kusema alainishiwe kiasi gani. Kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, waambie pia kuhusu mlenda: mboga za majani zina vitamini K, na zikiongezeka ghafla hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Ndege yangu inaondoka Dar tarehe 14 saa 00:55. Nipande treni ya tarehe 14 asubuhi?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Ukifanya hivyo utaikuta imeshaondoka. Saa 00:55 ya tarehe 14 ni saa 6:55 ya usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo jioni ya tarehe 13 uwe umeshafika uwanjani. Kosa hili huwapata watu kila mara, kwa sababu huku usiku tunauhesabu kuwa wa siku iliyotangulia.

Panda treni ya SGR asubuhi ya tarehe 13. Ya haraka huchukua takriban saa tatu na nusu, nyingine kama nne. Zilipoanza Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000. Kata tiketi kwa jina na namba ya kitambulisho chako, na fika stesheni mapema, mizigo inakaguliwa. Usichague treni ya mwisho ya siku. Basi kutoka Nanenane lina kilomita kama 450 na foleni ya kuingia Dar. Likipata pancha Gairo hakuna wa kukusubiri. Ukiamua kuruka kutoka Dodoma kwa tiketi iliyokatwa mbali na ile ya kimataifa, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haiwajibiki kwako, kwa hiyo acha nafasi ya nusu siku.

Safari za kimataifa ziko Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere. Kaunta hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka, wewe fika zikiwa zimebaki saa 3 ndege kuruka. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, na tarehe ya kurudi iwe ile inayoweza kubadilishwa, maana hujui mgonjwa ataamkaje. Kama umebeba zaidi ya dola 10,000 taslimu, zitangaze forodhani. Barua ya hospitali, nakala za viza, anwani ya wodi na namba ya simu ya anayekupokea vikae kwenye mkoba wa mkononi, vimechapishwa. Simu huisha chaji, na ofisa wa mpakani hasubiri uitafutie umeme.